Chura wa mpira katika ziwa la Naivasha



Barua ya juma hili imetoka kwa mama mmoja mkaazi wa Naivasha, nchini Kenya. Kaka yake anayefanya kazi Marekani alikuja nyumbani kwa Idd akiwa na zawadi kwa mpwa wake wa miaka 16: kisanduku chenye vyura sita wa mpira, kila mmoja akiwa na ndoana mbili zilizolala mgongoni, pamoja na rili ya kuvulia ambayo haikuwa na mshipi. Kijana amefurahi kupita kiasi. Bibi yake, mama mzaa baba, amesema chura ni haramu na hataki kumwona ndani ya nyumba. Baba hajasema neno juu ya uhalali, ila ameuliza fedha za ufito na mshipi zitatoka wapi. Mama mwenyewe ana hofu nyingine kabisa, nayo ni ziwa. Katika mtaa wao wamekwisha kuzikwa vijana waliouawa na viboko wakiwa katika kutafuta samaki. Anaomba jibu moja litakalowafaa wote wanne.

Uvuvi wa mshipi ndio mapumziko yangu tangu nilipokuwa chuoni, na huyo chura wa mpira nimemtupa majini misimu kadhaa, kwa hiyo leo sitalazimika kuazima maneno ya wengine. Nitaanza na bibi kwa kuwa ndiye mkubwa.

Bibi anayo asili katika kauli yake. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumuua. Kutokana na katazo hilo wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu katika Afrika Mashariki, wamesema chura haliwi wala hauawi. Kwa msingi huo, kumkamata chura aliye hai, kumtoboa kwa ndoana na kumtupa majini ili samaki amfuate, ni jambo la kuepukwa bila mjadala. Huko Marekani jambo hilo lilikuwa la kawaida kwa miaka mingi, na bado wapo wanaolifanya. Lakini ni huko huko ambako mtu mmoja wa mji wa Dowagiac katika jimbo la Michigan, James Heddon, alianza kuchonga vyura wa mbao mwishoni mwa karne ya 19 na kuwafunga ndoana. Baadaye mbao ikaacha nafasi kwa mpira na plastiki laini. Chura aliyemo katika kisanduku cha mjomba ni kizazi cha vyura wale wa mbao, na kazi yake ni kumwondolea chura wa kweli mateso. Naamini bibi yetu akielezwa hivyo kwa upole, tena na mwanawe mwenyewe, ataridhika.

Jambo ambalo bibi hakulitaja, nami naliona kuwa zito zaidi, ni la samaki mwenyewe. Samaki ni halali na hahitaji kuchinjwa, lakini uhalali huo haumpi mtu ruhusa ya kumfanya kiumbe chenye roho kuwa kitu cha kuchezea. Mtume (s.a.w.) amekataza kumfanya mnyama shabaha, na wanazuoni wamechukia uwindaji usiokuwa na haja isipokuwa pumbao. Kwa hiyo kijana aende ziwani akiwa amekusudia kitoweo. Furaha itakuja yenyewe njiani, wala hakuna anayemnyima. Kijana anaweza kuambiwa habari ya George Perry, mkulima wa jimbo la Georgia, ambaye tarehe 2 Juni 1932 alimvua besi wa ratili 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na kidogo. Mpaka leo hajapatikana besi aliyempita ila mmoja aliyevuliwa Japani mwaka 2009, naye kwa tofauti ya aunsi moja tu. Samaki yule wa Perry hakukaushwa wala kutundikwa ukutani. Ulikuwa wakati wa dhiki kuu ya uchumi, naye alimpeleka nyumbani, akaliwa na jamaa zake.

Sasa tumjue huyo besi, kwani asiyemjua samaki hununua vifaa kwa kufuata rangi zake.

Besi si mwenyeji wa Naivasha. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, katika zama za ukoloni, kwa ajili ya wavuvi waliotaka samaki wa kushindana naye kwa ufito. Kabla ya samaki wa kigeni kuanza kupandikizwa, ziwa lile lilijulikana kuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo kama kidole, ambaye hajaonekana tena tangu miaka ya 1960. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi wa Louisiana, nao wakawa chakula kikuu cha besi wakubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia gugu maji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini. Basi samaki, chakula chake na kivuli anacholalia, vyote vimevuka bahari kutoka upande ule, na sasa chura wa mpira amevifuata.

Tabia ya besi ni kuvizia. Hapendi kukimbiza windo kwa masafa marefu kama afanyavyo jodari baharini. Hujificha chini ya kitu chochote chenye kivuli, iwe ni gugu maji, majani ya yungiyungi, mizizi ya mafunjo au mti ulioanguka, kisha huinuka kwa ghafla na kukimeza kinachopita juu yake. Kinywa chake ni kikubwa mno kwa mwili wake. Humeza chura, panya aliyeanguka majini, hata kinda la ndege. Hasomi jina la anachokula. Kikipita juu ya kichwa chake kitu cha ukubwa wa kidole gumba kinachotapatapa, hukirukia.

Taabu ni kwamba pale anapojificha ndipo ndoana za kawaida zisipopita. Ukitupa chambo chenye ndoana zilizo wazi juu ya gugu maji, utarudi na kikapu cha majani. Chura wa mpira alitengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo. Mwili wake una uwazi ndani, umejaa hewa, hivyo huelea. Ndoana mbili zimeunganishwa kwa mkono mmoja, zikalala juu ya mgongo huku ncha zake zikielekea juu na kukumbatiwa na mpira. Akiburutwa juu ya majani hazinasi. Besi anapomfumba kinywani, mpira hubonyea na ndoana hujitokeza. Umbo hili la ujanja ndilo asili ya mashauri yote nitakayoyatoa hapa chini, kwa sababu samaki atakayeshikwa atashikwa akiwa ndani ya magugu, na ni lazima atolewe humo mara moja kabla hajazunguka mashina na kujifunga.

Nimjibu baba, aliyeuliza fedha. Kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti imenizoesha kutazama bei kabla ya sifa, nami namhakikishia kwamba hapa hapahitajiki vitu vingi. Panahitajika vitu vichache vilivyo imara, na kama fedha ni chache, ziende kwanza kwenye mshipi.

Mshipi uwe wa kusukwa, wala usiwe wa nailoni ya uzi mmoja. Mshipi wa kusukwa ni nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Hauvutiki, na hukata majani laini unapokazwa. Nguvu yake huandikwa kwenye kibandiko kwa ratili, na kwa chura wa mpira achukue wa ratili 50 ikiwa magugu ni ya hapa na pale, au ratili 65 ikiwa yamefungamana. Najua wengine watashangaa: samaki wa kilo mbili na mshipi wa kubeba karibu kilo 30? Hesabu hiyo imesahau magugu. Besi wa kilo mbili akishikwa hupiga mbizi, na anapoinuliwa huja na fungu la majani na mizizi linalomzidi uzito mara kadhaa. Mshipi mwembamba hukatika hapo. Ukishakatika, samaki hubaki na chura mwenye ndoana mbili kinywani, asiweze kula, naye hufa polepole mahali ambapo hakuna atakayemfaidi. Na kipande cha mshipi kinachosalia kwenye mafunjo humsubiri mnandi au furukombe akiguse kwa mguu. Kwangu mimi hili ni suala la amana kabla ya kuwa suala la ufundi, na ndiyo sababu sioni haya kumwambia baba mwenye kipato cha wastani anunue mshipi ulio ghali kidogo. Mshipi wa kusukwa hudumu miaka, ilhali nailoni huchakaa kwa jua.

Ipo tahadhari moja: mshipi huo huteleza ukizungushwa juu ya chuma kitupu cha rili. Kwanza zikunjwe duru chache za nailoni, au kibandikwe kipande cha utepe, ndipo mshipi wa kusukwa ukunjwe juu yake ukiwa umekazwa. Kwa chura ufungwe moja kwa moja bila kipande cha kuunganishia, na fundo liwe lile liitwalo Palomar: mshipi hukunjwa mara mbili, ukapitishwa katika tundu, likafungwa fundo jepesi, kisha chura mzima akapitishwa ndani ya kitanzi. Liloweshwe kwa maji kabla ya kukazwa. Mafundo mengi yanayofaa kwa nailoni huteleza na kufunguka kwenye mshipi wa kusukwa.

Ufito uwe na urefu wa futi 7 au zaidi kidogo, mgumu tangu kiunoni hadi kwenye mpini, na laini kidogo katika ncha. Ugumu ni wa kumtoa samaki; ulaini wa ncha ni wa kumtupa chura mwepesi na kumchezesha. Ufito uliolegea wote, kama ule wa kuvulia perege kwa mnyoo, hauwezi kuzitoa ndoana mbili katika mpira na kuzizamisha katika kinywa kigumu. Kuhusu rili, mjomba ameleta ile ambayo kibiringo chake huzunguka wakati wa kutupa, nayo ndiyo inayofaa. Atazame maandishi yake. Ikiwa mzunguko mmoja wa mkono hugeuza kibiringo mara 7 hivi, ni sawa, kwa kuwa hukusanya kama sentimita 70 hadi 80 za mshipi kwa kila mzunguko, na kasi hiyo itahitajika. Rili ya namna hii humwadhibu mwanafunzi: kibiringo kikikimbia kuliko chambo, mshipi hufumuka na kuwa kiota cha ndege. Dawa yake ni kidole gumba juu ya kibiringo, na mazoezi. Ajizoeze uwanjani kwa juma zima, akitupa kipande cha mti chenye uzito wa gramu 14 au 15 kuelekea kwenye beseni. Watoto wa jirani watacheka, lakini kucheka kwao ni salama kuliko ndoana iliyorushwa na mkono usiojua.

Vyura wenyewe hawalingani. Wabonyezwe kwa vidole viwili, kama mama anavyobonyeza embe sokoni. Yule ambaye mpira wake ni laini na ndoana zinatokeza bila nguvu, ndiye wa kutumiwa kwanza. Aliye mgumu atakosesha samaki wengi. Pua iliyochongoka hupita vizuri katikati ya majani, ilhali pua yenye kikombe hutema maji na kupiga kelele, ikafaa mahali pa wazi pembezoni mwa magugu. Ama rangi, nasema kwa uhakika kwamba watu huzipa cheo kisichokuwa chao. Samaki yuko chini. Hauoni mgongo wenye madoadoa uliopakwa kwa ustadi ili umpendeze mnunuzi, huliona tumbo. Tumbo jeusi huonyesha umbo kamili chini ya kivuli kizito na siku ya mawingu, na tumbo jeupe au la manjano hufaa mahali pa wazi penye mwanga. Mwenye mweusi mmoja na mweupe mmoja hana haja ya wa tatu.

Kabla ya kutumiwa, chura hufanyiwa matengenezo madogo. Miguu yake ya nyuzi huja mirefu, na samaki mdogo huiuma miguu tu akaacha mwili. Ipunguzwe kwa mkasi, sentimita mbili hivi. Ncha za ndoana zinaweza kuinuliwa kwa koleo, kwa kiasi cha unene wa sarafu na si zaidi, la sivyo zitaanza kunasa majani. Baada ya kutupwa mara nyingi maji huingia ndani, naye huanza kuzama nyuma, akamuliwe.

Tuje kwenye namna ya kumvua. Chura hatupwi juu ya mahali unapodhani samaki yupo. Hutupwa mbele yake, mita mbili tatu kupita mahali hapo, kisha huvutwa mpaka afike. Juu ya gugu lililofungamana huburutwa polepole kwa vituo vifupi, na akifika kwenye tundu la maji, hata liwe na upana wa sahani, asimamishwe. Aachwe hapo kwa muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu, kisha atikiswe kidogo. Mashambulizi mengi hutokea katika kituo hiki, na wengi hukosa samaki kwa sababu tu hawana subira ya kusimama. Mahali pa wazi pembezoni mwa mafunjo, ncha ya ufito ielekezwe chini, mshipi ulegee kidogo, na uguswe kwa mapigo mafupi ya kifundo cha mkono. Chura atageuka kulia na kushoto kama mtu anayetikisa kichwa kukataa. Mshipi ukikazwa wakati wote atavutwa moja kwa moja tu, na uhai wake utakwisha.

Kisha maji hupasuka. Sijui namna ya kumwandaa mtu kwa kishindo kile. Huja wakati macho yamechoka na mawazo yamekwenda kwingine, na kila mwanadamu hutaka kuvuta hapo hapo. Asivute. Mara nyingi samaki anakuwa amempiga chura pamoja na majani, na hajamfumba kinywani. Ashushe ncha ya ufito, akusanye mshipi uliolegea, na asubiri mpaka ahisi uzito mkononi. Ni kama muda wa kusema Bismillahi kwa utulivu. Hapo ndipo avute kwa nguvu zake zote kuelekea juu, na asisimame: azungushe rili bila kupumzika, kichwa cha samaki kibaki juu ya majani, ateleze juu yake kabla hajapata nafasi ya kugeuza mkia. Akishajizika, asivutwe kwa kushindana. Mashua isogezwe hadi alipo na majani yaondolewe kwa mkono. Na ikiwa alikosa, chura atupwe tena pale pale. Besi aliyekosa windo aghalabu hubaki hapo kwa muda.

Mshipi wa kusukwa kamwe usizungushwe kiganjani ili kuuvuta. Hukata nyama kama kisu. Chura akinasa mtini, mshipi uzungushwe kwenye kipande cha mti, kisha mti huo ndio uvutwe.

Nimeliacha swali la mama mpaka sasa kwa kuwa linahitaji nafasi, na kwa kuwa bila jibu lake vifaa hivyo vibaki kwenye kisanduku. Mama anasema kweli. Mahali pale pale tulipopasifu, ukingo wa mafunjo na mashamba ya magugu, ndipo makao ya viboko wa Naivasha. Kiboko hushinda majini na hutoka kwenda malishoni jua linapozama, akarudi kabla ya mapambazuko, kwa njia zake maalumu zinazopenya katika mafunjo. Nyakati hizo mbili za kutoka na kurudi ndizo ambazo wavuvi wengi wa besi duniani huzisifu, kwa kuwa samaki huwinda sana katika mwanga hafifu. Kijana atalisoma hilo au ataambiwa na mjomba, ambaye amevua katika maziwa yasiyokuwa na viboko. Atatamani kwenda baada ya Alfajiri au kukaa mpaka karibu na Magharibi. Asiruhusiwe.

Wala asiruhusiwe kuvua kwa kuingia majini kwa miguu, wakati wowote ule. Wengi waliopoteza maisha katika ziwa lile walikuwa wametembea ndani ya maji kati ya magugu, wengine usiku, kwa sababu hawakuwa na mashua wala leseni. Kiboko aliyezama haonekani, na huweza kukaa chini dakika kadhaa bila kutoa pua. Mtu aliyesimama kati yake na maji ya kina, au kati yake na ndama wake, hana pa kukimbilia. Siwalaumu marehemu wale, kwani wengi walisukumwa na njaa. Lakini kijana huyu hasukumwi na njaa, na wazazi wake hawana udhuru wa kumwacha.

Habari njema ni kwamba chura wa mpira, kuliko vyambo vingine vya juu ya maji, hufanya kazi mchana. Jua linapokuwa kali besi huacha maji ya wazi na kujisogeza chini ya dari la majani, ambako kuna kivuli. Vyambo vingine haviwezi kumfikia huko, chura humfikia. Kwa hiyo mpango wangu kwa kijana ni huu: aondoke saa 3 asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda na viboko wamekwisha kutulia katika makundi yao, na awe nchi kavu kabla ya adhana ya Adhuhuri. Akichelewa zaidi ya hapo atakutana na upepo wa mchana, ambao Naivasha huinua mawimbi na kusukuma visiwa vya magugu mpaka vikaziba njia ya mashua kurudi. Kwa saa hizo tatu nne atapata samaki wa kutosha, na sala haitakuwa na mashaka.

Mashua iwe ya mtu mwenye leseni anayelijua ziwa, wala usiwe mtumbwi ulioazimwa. Nahodha mzuri anajua kila kundi la viboko linashinda wapi siku hiyo, naye ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema tuondoke hapa, mshipi ukusanywe hata kama besi ameonekana akirusha maji. Kila mmoja avae jaketi la kuokoa maisha tangu kupanda mpaka kushuka, likiwa limefungwa. Kijana awe na baba au mtu mzima wa nyumbani, na leseni ya uvuvi wa mshipi ikatwe kwanza katika idara ya uvuvi. Gharama ya mashua ni kubwa kuliko ya vyura wote sita, nakiri. Waende mara moja kwa mwezi badala ya kila juma, na wagawane mashua na jirani.

Samaki wa kuliwa auawe mara tu anapoingia mashuani, kwa pigo moja la kichwa kwa rungu dogo, asiachwe akitapatapa juani mpaka safari iishe. Aliye mdogo, au aliyezidi mahitaji ya nyumba, arudishwe upesi: mikono iloweshwe kwanza ili isimbandue utando wa ngozi, ndoana itolewe kwa koleo, na asishikwe machoni wala kwenye matamvua. Wakishapata wa kutosha chakula cha siku, waache. Kuendelea kuwatoboa na kuwaachia kwa ajili ya kuhesabu tu, mimi sikuoni kuwa na utetezi. Na mjomba akimsimulia habari za mashindano ya huko ambayo kila mvuvi hulipa kiingilio, kisha mshindi akachukua fedha za wenzake, kijana ajue kwamba hilo lina sura ya kamari hata kama limevaa kofia ya mchezo.

Jikoni besi hana taabu. Nyama yake ni nyeupe na imara, na mifupa yake ni mikubwa, hutoka kwa urahisi, hivyo hufaa kwa watoto. Akiwa na harufu ya tope, avuliwe ngozi yote na aloweshwe katika limau na chumvi kwa nusu saa, kisha apikwe kwa nazi au akaangwe.

Neno la mwisho ni la nyumba yenye watoto wadogo, nayo barua imetaja kwamba yupo mdogo wa miaka miwili. Kwa mtoto wa umri huo, chura wa mpira mwenye macho ya rangi ni mwanasesere, na ndoana zake zimefichwa ndani ya mpira kwa makusudi, hazionekani mpaka zibonyezwe. Baada ya kila safari vyura wakamuliwe maji, wakaushwe kivulini ili ndoana zisishike kutu, wahesabiwe wote sita, kisha warudishwe kwenye kisanduku chenye kufuli na kuwekwa juu ya kabati, mbali na kiti chochote kinachoweza kusogezwa.